Usilipie Haraka: Vita vya Miaka Mia Kati ya Waya na Breketi

Kuna ahadi moja inazunguka sana hapa mjini siku hizi. Iko kwa matangazo ya kliniki, iko kwa video za watu wakifunguliwa bresi huku wakilia kwa furaha, iko kwa midomo ya mabeshte waliotangulia kuwekwa. Inasema hivi: ongeza pesa kidogo, upewe breketi za kujifunga zenyewe. Hazina viraba, hazina msuguano, na meno yako yatanyooka mapema kuliko ya yule msee aliyechukua za kawaida.

Nataka kuwapa historia ya hiyo ahadi, kwa sababu si mpya. Ina karibu miaka 90. Kila kizazi imerudi ikiwa imevaa nguo nyingine, na kila mara imegonga ukuta uleule.

Kabla mtu aniulize mimi ni nani niongee kuhusu meno, tuelewane. Mimi si daktari. Nilisoma uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo initoe uni, na moja ya vitu vichache nilivyotoka navyo pale ni msuguano. Sasa, dadangu mdogo anavaa bresi. Mamangu anazilipia na mkopo wa chama. Pale mwanzo tuliambiwa tukiongeza hela, atamaliza haraka zaidi. Kwangu mimi hilo lilikuwa swali la fizikia kabla liwe swali la meno, kwa hivyo niliingia kusoma. Nilichokuta ni stori tamu kuliko nilivyotarajia, na kila mtu anayepanga kuweka waya mdomoni anafaa kuijua.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe

Jino halijapigiliwa kwa mfupa kama msumari kwa ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba sana wa nyuzi. Ukisukuma jino taratibu kwa muda mrefu, upande unaobanwa seli zinaanza kula mfupa, na upande unaovutwa seli nyingine zinajenga mfupa mpya. Yaani jino linahama pamoja na shimo lake. Hiyo kazi haina pupa. Wakati wa kufunga nafasi iliyoachwa na jino lililong'olewa, mwendo wa kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi.

Sasa ile breketi unayoiona imebandikwa kwa jino ina mfereji mdogo katikati. Waya inapita ndani ya huo mfereji kutoka jino hadi jino. Ili waya isitoke, inafungwa kwa kiraba cha rangi au kwa uzi mwembamba wa chuma. Ukitaka chonge lirudi nyuma lijaze nafasi, unalivuta kwa springi au mnyororo wa raba, na breketi yake inateleza juu ya waya kama behewa juu ya reli.

Hapo ndipo msuguano unaingia. Na hapa kuna vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya.

Cha kwanza ni kusuguana kwa kawaida. Kiraba kinabana waya kwa sakafu ya mfereji, chuma inakwaruza chuma. Hii ndiyo sheria ambayo Mfaransa Guillaume Amontons aliieleza mwaka 1699, na mwenzake Charles-Augustin de Coulomb akaiendeleza mwaka 1785: kadiri unavyobana nyuso mbili pamoja, ndivyo zinavyokataa kuteleza.

Cha pili ni kukwama. Chukua droo ya kabati ya zamani, uivute kwa kona moja tu badala ya katikati. Inapinda kidogo, kona mbili zinauma mbao, halafu inagoma kabisa. Hata uipake sabuni, bado itagoma. Jino liko hivyo. Unalivuta kwa breketi iliyo juu, lakini mzizi wake uko ndani ya mfupa na haujui kama kuna safari. Kwa hivyo jino linalala kidogo, mfereji unapinda, na kona zake zinauma waya.

Shika hizo mbili, kusugua na kukwama. Kila jina utakalosikia hapa chini lilikuwa linapigana na moja au nyingine, wakati mwingine bila kujua ni ipi.

Zamani hakukuwa na shida, kwa sababu hakukuwa na kuteleza

Mwaka 1728, daktari wa Ufaransa anayeitwa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa kuhusu matibabu ya meno. Ndani yake alieleza kifaa cha kunyoosha meno, kipande chembamba cha chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi na chenye matundu. Meno yalifungwa kwa nyuzi na kuvutwa kuelekea hicho chuma. Hakikuwa na breketi wala mfereji. Jino lilivutwa tu likakaribia. Msuguano haukumsumbua mtu, lakini pia hukuweza kuamuru mzizi ufanye chochote. Ulikuwa unainamisha jino, basi.

Ilibidi tungoje mtu mmoja wa Marekani. Edward Angle alizaliwa Pennsylvania mwaka 1855, na kama ungekutana naye pengine mngegombana, maana alikuwa mtu wa msimamo mkali. Mwaka 1899 alitoa mpangilio wake wa aina za meno yasiyokutana vizuri, na hadi leo daktari wako bado anautumia. Mwaka 1900 alianzisha shule ya kufundisha kazi hii St. Louis. Katikati ya hayo yote alikuwa anatengeneza vifaa, kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza kilikuwa waya nene ya kuzunguka taya yote, na meno yamefungwa kwake. Kiliinamisha meno, hakikuyadhibiti. Cha pili kilikuwa na vipini vidogo vilivyochomelewa kwa waya na kuingia kwa vijibomba vya kila jino. Kilidhibiti mzizi, lakini kila jino likisogea ilibidi kipini kitolewe na kuchomelewa mahali pengine. Hebu fikiria kufanya hivyo kwa mtoto mmoja, miezi yote hiyo. Cha tatu kilikuwa breketi yenye mfereji uliosimama wima na waya bapa kama utepe.

Halafu, katikati ya miaka ya 1920, akaja na kile kilichobadilisha kila kitu. Aliulaza mfereji ukaangalia mbele, akaufanya wa pembe nne, na akaweka ndani yake waya ya pembe nne iliyosimama kwa ukingo wake. Mfereji huo ulikuwa na upana wa inchi 0.022 na kina cha inchi 0.028. Kwa milimita hiyo ni kama 0.56 kwa 0.71. Unaongea kuhusu kitu kidogo kuliko chembe ya mchele, na ndani yake waya ya dhahabu inayoweza kusukuma jino pande zote, kulizungusha, na hata kuupinda mzizi. Ukifungua mdomo wa mtu mwenye bresi leo, karibu kila breketi utakayoona ni mjukuu wa ile.

Lakini ona alichokizaa bila kukusudia. Ili waya ya pembe nne idhibiti jino, lazima ijae mfereji na ibane kuta zake. Na kinachobana ndicho kinachosugua. Udhibiti na msuguano vilizaliwa siku moja, kama pacha.

Shida ilianza nafasi zilipoanza kufungwa

Angle mwenyewe hakuteseka sana na hilo. Aliamini meno yote yanafaa kubaki, hakutaka kung'oa. Kama hung'oi, huna nafasi kubwa za kufunga, na jino halina safari ndefu juu ya waya. Alifariki mwaka 1930.

Mwanafunzi wake Charles Tweed, aliyekuwa akifanya kazi Tucson huko Arizona, aliona meno ya wagonjwa wake yanarudi kombo baada ya matibabu. Akafanya kitu ambacho mwalimu wake angekikasirikia. Aliwaita baadhi yao tena, akang'oa magego madogo, akaanza upya. Kufikia miaka ya 1940 njia yake ilikuwa imeteka watu wengi.

Sasa piga hesabu. Gego dogo lina upana wa karibu milimita 7. Liking'olewa, chonge linaweza kuhitaji kusafiri milimita kadhaa juu ya waya. Jambo ambalo halikuwa na maana kwa Angle likawa ndilo swali kuu la kila mwezi: je, nikivuta kwa gramu 150, ni gramu ngapi zinafika kwa jino, na ngapi zinaliwa njiani? Watafiti waliokuja kupima baadaye walikuta kwamba waya na breketi zinaweza kumeza kama nusu ya nguvu yote. Nusu! Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kiasi kinacholiwa kinabadilika kila jino linapoinama, kwa hivyo daktari hawezi kujua hasa jino limepokea nini.

Mwaustralia aliyeamua kuuondoa kabisa

Raymond Begg alitoka Adelaide, Australia, akaenda kusoma kwa Angle huko Pasadena katikati ya miaka ya 1920, wakati ule mfereji wa pembe nne ulikuwa unazaliwa. Alirudi nyumbani akautumia kwa miaka, halafu akauacha. Alichukua ile breketi ya zamani ya Angle, ya mfereji wima, akaipindua juu chini, na ndani yake akaweka waya nyembamba ya duara ya chuma kisichoshika kutu. Huyo waya alitengenezewa na fundi wa metali wa huko kwao, Arthur Wilcock. Kufikia miaka ya 1950 dunia ilikuwa inamsikiliza.

Ujanja wake ulikuwa rahisi. Breketi iligusa waya kama kwa nukta moja tu, kama nguo iliyoanikwa kwa kamba. Jino likitaka kulala, lilale. Hakuna kona za kuuma waya, kwa hivyo hakuna kukwama. Meno yalisogea kwa nguvu ndogo sana, na nafasi zilifungika vizuri.

Alishinda? Hapana. Meno yalipofika yalikuwa yamelala kama mti uliosukumwa na upepo, kichwa kimefika na mzizi umebaki nyuma. Ikabidi kuwe na awamu nyingine ya kazi, springi ndogo kwa kila jino, ili kuivuta mizizi isimame wima. Ile kazi aliyoiruka mwanzoni ilimngoja mwisho.

Hapa ndipo nilianza kuona mchoro wa historia nzima. Ule msuguano ulikuwa ada ya kudhibiti mzizi. Begg hakuifuta ada hiyo. Aliahirisha kuilipa.

Mfunguo wa 1935 ambao hakuna aliyeutaka

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1935, daktari wa New York anayeitwa Jacob Stolzenberg alieleza breketi iliyoitwa Russell. Badala ya kufungwa kwa uzi wa chuma, ilikuwa na skrubu ndogo mbele yake. Ukiikaza, inashika waya. Ukiilegeza, waya inateleza. Hiyo ndiyo breketi ya kujifunga yenyewe ya kwanza inayotajwa kwa historia. Manze, 1935. Leo inauzwa kwako kama teknolojia mpya.

Haikushika. Na ukiangalia sababu za watu kuitaka enzi hizo, kubwa ilikuwa muda wa kwenye kiti. Kufunga nyuzi za chuma kwa kila jino kulichukua daktari muda mrefu, na skrubu ilikuwa ya kuokoa dakika. Shika hilo neno, dakika. Tutalirudia.

Waya mpya, shida ileile

Miaka ya 1970 ndiyo ilileta msuguano katikati ya uwanja. Lawrence Andrews wa San Diego alichunguza mifano ya plasta ya meno 120 mazuri ambayo hayakuwahi kutibiwa, yaani midomo 120 ya watu tofauti, akatafuta yanafanana wapi. Kisha akaweka mielekeo hiyo ndani ya breketi zenyewe. Zamani daktari alipinda waya kwa mkono ili kila jino lipate pembe yake. Sasa pembe zilikuwa tayari ndani ya mfereji, na waya ingeweza kubaki imenyooka. Waya iliyonyooka inaita kuteleza. Karibu kila kliniki ikawa ya kuteleza.

Wakati huohuo waya zenyewe zilikuwa zinabadilika. Dhahabu ilikuwa imeshaondoka, chuma kisichoshika kutu kikachukua nafasi. Halafu ikaja aloi ya nikeli na titani iliyogunduliwa na William Buehler kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani. Inaitwa Nitinol: nikeli, titani, na herufi za mwanzo za hiyo maabara. George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akaileta kwa meno mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukiipinda inarudi yenyewe, na ndiyo maana miezi ya kwanza ya bresi leo huumia kidogo kuliko enzi za wazazi wetu. Kisha Charles Burstone akaleta waya ya titani ya aina nyingine, ulaini wake ukiwa katikati.

Vitu vizuri hivi, lakini angalia bili. Waya ya chuma kisichoshika kutu ndiyo inayoteleza vizuri zaidi. Ya nikeli na titani inasugua zaidi. Ile ya Burstone inasugua kuliko zote. Miaka ya 1980 zikaja breketi za kauri, zinazofanana na jino ili usionekane umevaa chochote, na zikasugua kuliko za chuma. Watengenezaji wakalazimika kuweka mfereji wa chuma ndani ya kauri. Hata vile viraba vya rangi ambavyo tunachagua kulingana na timu ya mpira vinabana waya kuliko uzi wa chuma uliofungwa kwa ulegevu.

Burstone, kwa njia, alikuwa na jibu lake: usiteleze kabisa. Pinda waya iwe na vitanzi, na kitanzi kikijifunga kinabeba jino pamoja na kipande chake cha waya. Hakuna breketi inayosafiri, hakuna msuguano wa safari. Inafanya kazi. Lakini inataka mkono wa fundi hasa, na vile vitanzi hushika chakula na kugusa mashavu. Tena ada imelipwa, ila kwa dirisha lingine.

Maabara iliyosema ukweli

Miaka ya 1990, Robert Kusy na John Whitley wa Chuo Kikuu cha North Carolina walitenganisha vizuri yale mambo mawili niliyowaambia mwanzoni. Walionyesha kwamba kuna pembe fulani, digrii chache tu. Kabla jino halijainama kufika hapo, unapigana na kusugua kwa kawaida. Likipita hapo, kona za mfereji zinaanza kuuma, na kukwama kunachukua usukani. Ukizidisha zaidi, chuma inachimba alama kwa waya na mwendo unasimama kabisa.

Hiyo digrii chache ni kitu kidogo sana mdomoni. Jino linaloteleza hufika hapo karibu kila wakati. Maana yake ni nini? Ukiondoa kiraba, umeondoa kusugua. Kukwama hakujaguswa, kwa sababu kukwama hakutoki kwa kiraba. Kunatoka kwa jino kulala.

Sasa fikiria majaribio mengi yaliyotumika kuuzia breketi. Unachukua breketi, unaipanga sawasawa kabisa na waya, unaivuta kwa mashine ikiwa imenyooka. Breketi isiyo na kiraba itashinda kwa mbali, na namba ni za kweli. Lakini ni namba za jino lisilolala, na jino la hivyo halipo kwa mdomo wa mtu.

Ahadi ikapata jina na matangazo

Mwishoni mwa miaka ya 1990, breketi za kujifunga zilirudi kwa kishindo, hasa mfumo wa Dwight Damon, daktari wa jimbo la Washington. Zilikuwa na kifuniko kidogo kinachofungwa kama mlango, na waya inabaki huru ndani. Hoja ilikuwa msuguano mdogo, nguvu ndogo, safari fupi.

Tusiwe wa kuwaonea. Mwanzoni ushahidi ulionekana kuwa upande wao. Mwaka 2001 tafiti zilitolewa zilizolinganisha rekodi za wagonjwa wa nyuma, na zikaonyesha matibabu yamepungua kwa miezi kadhaa. Ukisoma hivyo, hata mimi ningenunua.

Shida ya rekodi za nyuma ni kwamba daktari anayehamia kifaa kipya pia huwa amepata uzoefu zaidi, anachagua wagonjwa tofauti, na ana hamu kifaa kifaulu. Ndio maana kuna majaribio ya kubahatisha, ambapo mgonjwa anawekwa kundi hili au lile kama kwa kurusha shilingi. Hayo yalipofanyika, na matokeo yakatoka mwaka 2010 na 2011, tofauti iliyeyuka. Watu wa breketi za kujifunga walimaliza kwa muda ule ule na wale wa kawaida. Mapitio ya tafiti nyingi kwa pamoja yaliyotoka mwaka 2010 yalisema vivyo hivyo. Faida moja iliyosimama wazi ilikuwa gani? Dakika chache zinazookolewa kwenye kiti wakati wa kufungua na kufunga waya.

Dakika. Ile ile hesabu ya 1935.

Kwa nini basi haiharakishi?

Kwa sababu anayeweka kasi ni mfupa. Mwaka 1952, Storey na Smith wa Australia walivuta chonge kwa springi za nguvu tofauti. Kwa nguvu ndogo, kama gramu 150 hadi 200, chonge lilirudi nyuma vizuri. Walipozidisha nguvu, chonge liligoma, na yale magego ya nyuma yaliyotakiwa kusimama imara ndiyo yakaanza kuja mbele. Ukikandamiza utando wa jino sana, damu haipiti, sehemu hiyo inakufa kwa muda, na mfupa unabidi uliwe kutoka nyuma yake. Unakuwa umekanyaga mafuta na breki pamoja.

Ndivyo safari ya jino ilivyo: linalala kidogo, linakwama, mfupa unafanya kazi yake, mzizi unafuata, jino linasimama, waya inaachilia, linasonga tena. Hata kutafuna kwako kunasaidia kuitikisa breketi iachie. Hatua ndogo ndogo, mamia yake. Ukifuta kusugua kote duniani, bado kila hatua inangoja seli zile.

Chukua nganya imefungwa injini mpya, muziki juu, rangi imewaka. Iweke Thika Road saa kumi na mbili jioni. Itafika Pangani saa ile ile na ile mathree ya zamani iliyo mbele yake. Injini ni nzuri kweli, lakini foleni haijali injini.

Kwa hivyo wewe ufanye nini

Sisemi breketi za kujifunga ni ulaghai. Ni vifaa vizuri, rahisi kufungua, na hazina viraba vinavyogeuka rangi ukila mchuzi wa manjano. Kama daktari wako anazipenda na bei haikuumizi, endelea. Ninachosema ni kwamba ukiambiwa ulipe zaidi kwa sababu utamaliza mapema, unauziwa kitu ambacho majaribio hayakukipata.

Pesa ya bresi hapa mjini inakaribia bei ya boda. Kwa nyumba nyingi ni mkopo, ni chama, ni mzazi ameacha kitu kingine. Ukiwa na hela ya kuongeza, tafuta kwanza mikono: daktari aliyesomea kazi ya kunyoosha meno hasa, aliyesajiliwa, anayeweza kukueleza mpango wako kwa maneno unayoelewa. Muulize ni kwa nini anang'oa au hang'oi. Muulize nafasi itafungwa kwa kuteleza au kwa vitanzi. Muulize ni nini kitamfanya achelewe. Akikujibu yote ni kuhusu kifaa na hakuna linalohusu mfupa wako, una sababu ya kusikiliza daktari mwingine.

Na kuna upande wako. Waya iliyokaa mdomoni wiki nyingi inashika uchafu, na uchafu unaongeza kukwaruza. Breketi iliyobanduka kwa sababu ya muwa au mahindi choma inasimamisha jino hilo hadi ibandikwe tena. Kukosa kliniki miezi miwili ni miezi miwili kweli. Hayo hayana tangazo kwa sababu hakuna anayeweza kukuuzia mswaki wako mwenyewe.

Angle alipata udhibiti akalipa kwa msuguano. Begg alikwepa msuguano akalipa kwa mizizi. Burstone alilipa kwa ufundi. Waliokuja na kifuniko walilipa kwa bei, na bei hiyo wakaipitisha kwako. Kila mmoja alijifunza kitu cha kweli na kukiacha kwa breketi ya leo, na meno yetu yananyooka vizuri kuliko ya mtu yeyote wa 1925. Lakini katika miaka hiyo mia, hakuna aliyefanikiwa kuuharakisha mfupa kwa kubadilisha mlango wa breketi.

Jino litafika. Lipe muda wake, na pesa ya haraka ubaki nayo.